Bunduki Imekula

Jumapili, 16 Februari

Daftari hili ni la mjukuu wangu Julieth. Ameandika kurasa nne, kisha akalitupa uvunguni. Watoto wa siku hizi wanatupa karatasi kama maganda ya karanga. Mimi kusoma nilifundishwa ukubwani, darasa la ngumbaru, mtoto mgongoni, na mwalimu ananikemea kwa sababu mtoto analia. Kwa hiyo sitatupa karatasi. Nitaandika mambo ya shamba mpaka mahindi yaingie kihengeni, basi.

Mahindi yametoa mbelewele. Nguruwe pori wameshaanza kupita ukingoni, nimeona kwato zao kwenye matuta. Mume wangu Zablon ameliteremsha gobori, bunduki yake ya kushindilia, darini.

Jumatano, 19 Februari

Leo tumeliosha. Nasema tumeliosha, lakini Zablon alikaa kwenye kigoda akisema "hapo, hapo bado", na aliyesugua ni mimi, kama miaka yote. Maji ya moto mpaka yatoke meupe, kisha kitambaa cha pamba kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia, kisha jua, kisha mafuta ya mnyonyo. Ukiacha masizi ya baruti ndani ya mtutu, mvua mbili tu kutu inakula chuma. Baruti iko kwenye pembe ya ng'ombe, nimeiziba mdomo kwa nta ya nyuki. Goroli ziko kwenye kopo la kahawa, fataki za kuwashia baruti ziko mbali na vyote hivyo, kwenye mkoba wangu wa kanisani, ambako mwizi hatafuti.

Mtutu huu babu yake Zablon aliupata kwa watu wa misafara ya pembe za ndovu. Njia yao ilipita ukingoni mwa shamba letu, na mpaka leo mvua ikipiga sana shanga zao zinajitokeza udongoni. Kitako alikichonga Zablon mwenyewe kwa mninga. Kibali anacho, na bwana nyamapori akipita anamsalimia kwa heshima.

Kisha kuna unyoya. Unyoya wa kanga, wenye madoa. Bunduki ikishashindiliwa, aliyeshindilia anachomeka unyoya kwenye mdomo wa mtutu. Akishapiga, anaurudisha ukutani. Wawindaji wa huku wanasema: unyoya mdomoni, bunduki imekula, unyoya ukutani, bunduki ina njaa. Ukiilisha iliyokwisha kula, inapasuka. Mwindaji haulizwi. Unatazama unyoya, unanyamaza.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua.

Jumanne, 25 Februari

Masanja amerudi. Mwanangu wa mwisho, bado ananiita mayu kama utotoni. Miaka sita kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Nzega, amerudi na begi moja, kikohozi na mke. Mke anaitwa Magreth. Alipiga magoti akasema "Shikamoo mama" vizuri, nikaitikia marahaba, lakini nilitazama mikono yake. Laini. Nikamwambia, hapa jembe halivai glavu. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Masanja anasema atatulindia shamba. Huyu aliyekuwa anakimbia jogoo.

Ijumaa, 28 Februari

Zablon amepiga nguruwe jike alfajiri. Risasi moja, ubavuni. Macho yana ukungu lakini mkono bado ni wa Zablon. Nyama tumegawana na Mhoja jirani, kwa kuwa nguruwe alitokea kwake. Leonia mkewe akasema kipande chao kina mfupa mwingi. Nikamwambia nguruwe hakuulizwa aumbwe vipi.

Unyoya ukutani. Nimeosha mtutu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona jambo.

Jana jioni Zablon alishindilia mbele yangu. Nilimwona: baruti, nyuzi za gome la myombo, goroli, nyuzi tena. Akaenda kwenye dungu la kulindia shamba. Sikusikia mlio. Akarudi, akaliegemeza gobori ukutani, akalala. Asubuhi nafagia, naona unyoya uko ukutani. Bunduki imekula na unyoya unasema ina njaa.

Nilisimama na ufagio. Kisha nikauchukua unyoya, nikauchomeka mwenyewe. Alipoamka akautazama, akasema, "Leo usiliguse, limeshiba." Nikasema, "Naona."

Mtu wa miaka sabini na nane anaweza kusahau mara moja.

Jumatatu, 10 Machi

Kupalilia. Magreth ametoka malengelenge, hakusema. Nimeyaona anaosha vyombo.

Jumamosi, 15 Machi

Mara ya pili. Nimeuchomeka.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani Zablon aliulizwa mjukuu wetu anasoma darasa la ngapi. Akasema, "Mjukuu gani?" Watu wakacheka wakidhani ni utani. Mzee Zablon ana utani, wanasema. Nami nikacheka.

Alhamisi, 20 Machi

Magreth anataka tuwashe mioto ukingoni na kupiga madebe zamu kwa zamu, sisi na kina Mhoja, kuliko kumtoa mzee nje kwenye baridi. Nikamwambia, "Nyumba hii ni ya mwindaji, binti yangu. Kwenye madebe wanakaa ambao hawana bunduki."

"Lakini mama, baba haoni vizuri."

"Anakuona wewe?"

"Ananiona."

"Basi na nguruwe atamwona. Nguruwe ni mkubwa kuliko wewe."

Akainama akaendelea kuchambua mchicha. Huyu binti hajibizani. Mwanzoni nilidhani ni ujinga.

Jumatano, 26 Machi

Mvua siku ya nne. Baruti imeshika unyevu, nimeianika kwenye ungo, uani, mbali na jiko. Leonia akapita na kijinga cha moto mkononi, anaomba chumvi. Nilimfukuza kwa sauti ambayo naamini ilifika kijiji cha Ntalikwa. Amekasirika. Kasirika, lakini na kichwa chako shingoni.

Magreth ameokota shanga saba za bluu shambani, akaniletea. Nikamwambia shanga za njiani hazivaliwi, wenyewe walikufa wakiwa wamebeba mizigo ya watu. Akazirudisha pale pale alipozitoa. Angekuwa binti mwingine angezificha.

Jumapili, 30 Machi

Mara ya tatu. Nimeuchomeka kabla jogoo hajawika mara ya pili. Masanja alikuwa mlangoni, sijui aliona nini.

Jumapili, 6 Aprili

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Baada ya ibada Mhoja na Leonia walikuwa kwetu, tunakula viazi na karanga. Mahindi yamekomaa, nguruwe wanakuja kundi zima, wakawa wanazungumza zamu za kulinda. Masanja akasimama, akalichukua gobori la baba yake ukutani, akachomoa mdeki, akauingiza mtutuni. Mbele ya watu! Mdeki ukagonga chini, ukalia kama kengele. Mtutu ukiwa na kitu ndani, mdeki haulii, unasema du, kama umegonga gunia.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nahakikisha tu, mayu."

"Unyoya uko wapi?"

"Ukutani. Lakini…"

"Lakini nini? Unyoya wa baba yako unasema bunduki ina njaa, wewe unampima kwa fimbo kama debe la pombe? Mwanamume aliyekulisha nyama kabla hujaota meno! Uliwahi kumsikia mtu katika kijiji hiki anampima Zablon?"

Leonia akacheka mpaka karanga zikamtoka. "Mwache, Mama Masanja. Watu wa mgodini wamezoea kupima kila shimo."

Wote wakacheka. Zablon naye alicheka, lakini alikuwa anamtazama Masanja kama mtu anayetafuta jina lake. Masanja akaurudisha mdeki, akasema, "Nisamehe, baba. Sitarudia."

Nikasema, "Na usirudie kweli."

Hilo nalo nimeliandika ili nilikumbuke. Heshima ya mtu ikishapimwa mbele ya jirani, haikai tena sawasawa.

Jumatano, 9 Aprili

Wifi yangu wa Ntalikwa amefariki. Kesho naondoka kwenda kuzika. Nimemwambia Magreth ugali wa Zablon uwe mlaini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi jioni, miguu imevimba. Tumemzika vizuri, ingawa uji wa matanga ulikuwa maji matupu.

Zablon ana homa. Nikamuuliza, "Mzee, jana ulikwenda shamba?"

"Nilikwenda."

"Ulishindilia?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Nishindilie nini?"

Akajifunika. Gobori liko ukutani. Mdomoni hamna unyoya. Ukutani pia sikuuona unyoya. Nilitazama chini ya kigoda, hamna.

Nilitaka kuchukua mdeki. Lakini Masanja na Magreth walikuwa pale pale wanakula, na Masanja ananitazama. Nitaangalia kesho, wakishakwenda kanisani.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika ili mikono ipate kitu cha kushika.

Jumapili alfajiri nguruwe waliingia. Tuliwasikia wote, mahindi yanavunjika kama kuni. Zablon hakuweza kuinuka. Masanja akasema, "Nitakwenda mimi, baba." Zablon akasema, "Nenda." Masanja akalishika gobori. Nilikuwa kitandani, nikamsikia amesimama kidogo pale ukutani. Alikuwa anatafuta unyoya. Kisha nikamsikia anaufungua mdomo wa pembe, anamimina baruti.

Ningesema neno moja. Mdomo huu haujawahi kukosa neno. Unamkemea mchungaji, unamkemea bwana shamba, unaikemea mvua. Nilijiambia Zablon amesema hakushindilia. Nilijiambia nikisema "pima", nitakuwa nimesema mbele ya mkwe kwamba wiki iliyopita Masanja alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mpumbavu. Mambo hayo yote niliyawaza kwa muda wa mtu kufunga mlango.

Mlio haukuwa wa bunduki. Bunduki inasema neno moja. Huu ulipasuka.

Magreth alifika kabla yangu, kwa mikono yake hiyo laini. Nilipofika alikuwa amechana kanga yake na kumfunga mkono juu ya kiwiko, amekaza kwa kijiti. Hakuwa analia. Masanja alikuwa ameketi kwenye tuta, anatazama nguruwe walivyokimbia. Mkono wa kushoto, ule unaoshika mtutu, haukuwa mkono tena. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa damu tupu. Akaniambia, "Mayu, niliangalia unyoya."

Mhoja alileta pikipiki. Tulimpakia katikati, Magreth nyuma anamshikilia. Watu walikuwa wanapeleka matawi kanisani. Walisimama pembeni ya njia na matawi yao wakatupisha.

Niliporudi ndani kumchukulia shuka, nilimwona Zablon amekaa kitandani amevaa kofia yake ya shamba. Unyoya ulikuwa kwenye utepe wa kofia. Aliuweka pale Ijumaa, baada ya kushindilia, ili auchomeke akirudi. Akauliza, "Nani amepiga?"

Nikauchukua unyoya nikautia jikoni. Unyoya ukiungua unanuka kama nywele za mtu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mkono wameukata kwenye kifundo. Jicho halipo. Nimelala sakafuni wodini. Magreth amelala upande wa pili wa kitanda.

Leo aliniuliza, polepole, bila kunitazama. "Mama, baba alikuwa anasahau?"

"Anasahau nini?"

Akanitazama. Kisha akainuka akaenda kuchota maji.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Nimerudi nyumbani kumwangalia Zablon. Polisi wamekuja na mtu wa nyamapori. Wamechukua vipande vya gobori, pembe ya baruti, kopo la goroli, fataki nimezitoa mwenyewe mkobani. Mdeki ulikuwa umeegemea mlango. Waliuona ni fimbo, wakauacha.

Wakamuuliza Zablon kama bunduki ilikuwa imeshindiliwa kabla.

Zablon alikaa wima. Siku hiyo alikuwa na akili zake zote, au alifanana na mwenye akili zake zote. "Mimi? Toka nimeanza kuwinda sijaacha bunduki imekula bila unyoya. Mwulizeni mke wangu."

Wakanigeukia.

Nikasema, "Kweli."

Askari akaandika. Akasema basi kijana atakuwa alizidisha baruti. Akafunga kitabu chake, akashukuru kwa maji ya kunywa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nguruwe wameingia kila siku tangu Matawi. Hakuna wa kulinda. Nimekwenda na debe na fimbo, peke yangu, nikapiga mpaka bega likafa ganzi. Walisogea hatua chache kisha wakaendelea kula. Dume moja lilinitazama huku linatafuna.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani wanasimuliana. Mtu wa mgodini alidhani baruti ya gobori ni kama baruti ya kupasulia mwamba. Leonia ameniambia, "Pole, mama. Ulimwonya mbele yetu wote kwamba bunduki haichezewi." Nilimkodolea macho. Alidhani nakubali.

Miezi yote hii nimemwita Leonia mwenye ulimi mbaya.

Jumatano, 7 Mei

Wamemruhusu. Amekonda, kanzu ya hospitali ilikuwa inamvaa yeye. Amekaa mkekani, sebuleni, jicho moja kwenye ule ukuta uliokuwa na gobori.

Zablon akatoka chumbani, akamtazama sana. "Mkono umefanya nini?"

Nilishika mwimo wa mlango.

"Nguruwe, baba," Masanja akasema.

"Nguruwe dume?"

"Dume."

"Si nilikuambia dume halikaribiwi?"

"Uliniambia, baba. Nilikosea."

Alhamisi, 8 Mei

Zablon ameuliza tena. Masanja amejibu vile vile.

Ijumaa, 9 Mei

Tena.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa namlisha Masanja uji. Magreth alikwenda kwa Mhoja kuomba kibarua cha kuvuna. Amekuwa mwanamke wa jembe kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Masanja akasema, "Mayu, baruti nilipima kwa kile kifuniko chako cha kupimia. Kimoja. Sikuzidisha."

"Kula uji, utapoa."

Akala. Nilitaka ateme. Nilitaka anitukane, nijue kwamba ana hasira kama yangu. Alikula uji wote akasema asante.

Niliyemwita mkimbia jogoo.

Jumatatu, 19 Mei

Tumevuna. Hapo naandika neno kubwa. Mimi na Magreth tumepita tuta kwa tuta tukiokota magunzi ambayo nguruwe waliacha yana punje upande mmoja. Mwaka jana tulibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwaka huu tumebeba kichwani. Magreth alitaka kunipokea mzigo, nikamwambia aniache, kisha nikampa.

Kule kwenye tuta la mwisho, alipokuwa ameketi Masanja siku ile, shanga za bluu zimejitokeza tena. Tumezipita.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 31 Mei

Zablon leo hakuuliza. Alimtazama Masanja, akamtazama tena, kisha akatoka nje, nikamkuta nyuma ya kihenge anapapasa utepe wa kofia. Anazungusha kofia, anapapasa, anazungusha.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Kuna kitu nilikuwa nimeweka hapa, Kabula."

Miaka hamsini na mbili nimeolewa na mtu huyu. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani. Usiku hakula.

Alhamisi, 5 Juni

Hakula.

Jumapili, 8 Juni

Nilisema nitaandika mpaka mahindi yaingie kihengeni. Yameingia. Jana tulimaliza kupukuchua na kumimina.

Leo asubuhi nilitaka kujua yatatufikisha wapi. Kihenge chetu ni kirefu, mkono haufiki chini, na macho yangu gizani hayaoni. Nikakumbuka kitu kirefu kilichobaki katika nyumba hii. Nikauchukua mdeki mlangoni, nikapanda ngazi ya kihenge, nikauteremsha ndani.

Nilitegemea useme du, kama umegonga gunia. Ulipita kwenye punje kidogo sana, ukagonga jiwe la chini. Ukalia kama kengele.

Masanja alikuwa mkekani, pale kivulini. Aliusikia. Anaujua mlio huo, aliusikia mara moja mbele ya watu. Akageuza uso wake, ule upande wenye jicho.

"Mayu," akasema, bila ukali wowote. "Sasa unapima?"

Niliuinua, nikauteremsha tena.